Ratiba ya Sikukuu ya Kasoki

Nilipanga kwa kalamu nyekundu, nyuma ya daftari la madeni ya makala:
saa nane, viti. Saa nane na nusu, kiazi katika kijiko.
Saa tisa, kujificha. Saa tisa na nusu, keki.
Baba Kasoki akasoma, akacheka:
"Watoto wa miaka mitano unawapangia kama ndege za uwanjani."
Nikamwambia, nenda ukatafute viti.

Alirudi na viti saba vya kanisa na kimoja cha kinyozi,
vimefungwa juu ya chukudu ya Paluku,
vikicheza kabla ya sherehe juu ya mawe ya Mabanga.
Uani kwetu volkano ilishapita,
ikaacha sakafu isiyohurumia magoti.
Ndiyo maana mbio za magunia nilizifuta.
Magunia ninayo kumi. Magoti ya watoto wa watu, hapana.

Tulialika kumi na mmoja.
Walikuja ishirini na wawili,
na kaka wa mmoja wao, mwenye ndevu,
aliyesema amekuja kulinda viatu.

Viti. Sheria ni moja: muziki ukikoma, keti.
Nikashika kitufe cha redio, kidole tayari, kama refa.
Umeme ukaniwahi.
Wakaketi wote papo hapo, watatu watatu kwa kiti,
wanne kwa kile cha kinyozi,
na aliyebaki amesimama ni mimi.
"Mama Kasoki ametoka! Mama Kasoki ametoka!"
Nikatoka. Nikaenda kugeuza sambaza jikoni.

Kiazi. Mumbere alikibana kwa kidole gumba, akashinda.
Wa pili akalia. Wa tatu akauma kiazi, kibichi, akaomba chumvi.
Kushinda, pipi moja. Kushindwa, pipi moja:
nyumba hii haina bajeti ya machozi.

Kisha kujificha.
Kasereka akahesabu hadi kumi, akiiruka saba kama kawaida yake,
akawapata wote chini ya kitanda kimoja.
Wote isipokuwa Mapendo,
binti wa wapangaji wapya, waliofika kutoka Sake na godoro moja.
Tukaita. Mchezo umekwisha, Mapendo, toka!
Toka, mama, toka!
Sikujua kwamba neno hilo
yeye alishalisikia mlangoni kwao, kwa sauti nyingine.

Mama yake akaweka sahani chini. Hakukimbia.
Alijua pa kutazama: nyuma ya mapipa ya maji,
pale ambapo mtu mzima hapenyi.
Mtoto alikuwa hapo, kimya, mdomo kaufunika kwa viganja vyote viwili.
Halii. Hajikuni. Hata inzi hakumfukuza.
Mimi na kalamu yangu nyekundu tukasimama tu.

Kasoki hakuniuliza sheria.
Na gauni lake la njano, akainama, akaingia.
Kasereka akafuata. Mumbere naye, na kiazi chake.
Wakaingia mmoja mmoja, mpaka kule nyuma pakawa viwiko vitupu.
"Sogea!" "Wewe sogea!" "Shhh, tutaonekana!"
Tutaonekana na nani, sijui; wa kutafuta alishaisha.
Kisha mtu akajamba.
Kikaanza kicheko kimoja, chembamba, chenye kwikwi,
kabla ya vingine vyote.
Mimi sikukitambua.
Mama Mapendo akaketi juu ya bidoni, akajifuta uso kwa kitenge.

Saa tisa na nusu kamili, keki.
Niliipitisha juu ya mapipa, kipande kwa kipande,
kwa mikono inayochomoza isiyo na wenyewe.
Nikaihesabu: ishirini na mitatu, na wa Kasoki humo.
Nikashukuru.
Mkono wa ishirini na nne ulikuwa na nywele.

Viatu, basi, vilibaki bila mlinzi.
Kimoja cha Mumbere, cha kushoto,
hadi leo kimejificha.